Siku Askofu Alijazwa Tangi

Miaka thelathini Nahashon Lusweti alisoma mita za maji huku Eastlands, Nairobi, na sijui mama gani hakumlilia. Hata ungemwonyesha bomba limepasuka na maji yamejimwagia kwa matope, jibu lake lilikuwa moja: "Kama imepita mita, umekunywa." Watoto walikuwa wanamfuata barabarani wakimwimbia hivyo.

Alipostaafu alibaki Kaloleni na mkewe Roseline na gari kuukuu la kijivu. Mtaa uliliita Askofu, kwa sababu lilipita polepole na kila mtu aliliachia njia. Roseline alikuwa amechoka nalo. Alisema linakunywa kuliko mashemeji zake wote wa Bungoma. Mwishowe wakakubaliana lipimwe. Likienda kilomita nane kwa lita, linabaki. Likishindwa, litachukuliwa na Nzomo, mnunuzi wa vyuma kutoka Dandora.

Fundi Odera akawapa njia: jaza tangi mpaka shingoni, andika namba ya kilomita, tembea, rudi ujaze tena, uone ni lita ngapi zimeingia.

Sasa, Askofu hakuwa amewahi kujazwa. Miaka kumi na tisa Nahashon aliingia petroli steshen akisema "ya mia tano", na wahudumu walishajua hata kabla hajafungua mdomo. Siku hiyo aliposema "jaza", binti wa pampu alimuuliza mara mbili, halafu akamwangalia kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Wakazunguka kilomita sitini, Roseline ameketi kando na viatu vya kanisa, kama shahidi. Ndani kulinuka petroli mpaka macho yakawasha. Roseline akauliza hiyo ni nini.

"Hiyo ni harufu ya tangi kujaa," Nahashon akamwambia, na kiburi kidogo.

Roseline akakubali, maana yeye pia hakuwa amewahi kupanda gari iliyojazwa tangi. Akashusha kioo ili majirani nao wanuse.

Kurudi kwa pampu, zikaingia lita kumi na tano. Kilomita nne kwa lita! Nahashon alipiga hesabu mara tatu, na kalamu ileile ya kazi, na nne ikabaki nne.

Asubuhi Nzomo alimkuta anamwosha Askofu na maji ya vuguvugu, anapangusa mpaka nyuma ya taa, kama mtoto anayepelekwa bodingi siku ya kwanza. Roseline aliangalia kutoka mlangoni, akarudi ndani. Nzomo akaingia chini ya gari kufunga mnyororo, akatoka bega limelowa petroli.

"Mzee, hii tangi imetoboka ubavuni, huku juu. Ukiweka kidogo haimwagi. Nani alikutuma ujaze?"

Nahashon akamwita Roseline mbio. Akamweleza kwamba Askofu hana makosa, hakunywa, ilimwagika tu. Roseline akakunja mikono. Mtaa mzima ulikuwa umengoja siku hii miaka thelathini.

"Kama imepita mita, umekunywa," akasema.

Nzomo, ambaye mama yake aliwahi kukatiwa maji, ilibidi ashikilie gari asianguke kwa kicheko.

Lakini baada ya chai Roseline mwenyewe ndiye alisema lipimwe mara ya pili. Odera akaondoa petroli yote kwa tangi, akafunga chupa ya petroli ya lita moja kando ya injini, akawaambia waendeshe mpaka izime. Askofu akakohoa karibu na korti za Makadara, akazima. Walikuwa wameenda kilomita saba nukta tisa. Ile namba nyekundu ya mwisho kwa mita ya gari, ya kuhesabu nukta, ilikuwa imening'inia, nusu imegeuka.

Nahashon alishika usukani tu. Hakuwahi kumpunguzia mtu hata nukta moja, na hakuona atajiongezea vipi. Roseline akatoka, akafunga mlango. Nahashon alijua anaenda zake nyumbani, na kesho Nzomo anarudi.

Halafu gari ikatikisika. Kwa kioo cha pembeni akaona, huko nyuma, kitambaa cha Roseline, kichwa kimeinama, viatu vya kanisa vinateleza kwa lami. Askofu akasogea pole pole, kama kawaida yake. Namba ikageuka.

"Roseline, hiyo si petroli. Hiyo ni wewe."

"Imepita mita?" Roseline akauliza, akihema.

"Imepita."

"Basi andika nane. Halafu ukatafute ya mia tano twende nyumbani."