Nilikopi kikapu cha dada wa Kirundi nikasema ukuta ni wangu

Wakuu, habari za mihangaiko.

Kuna mdau humu ameuliza kama tunawajua wanawake waliotufundisha kitu kwenye design na ujenzi. Wengi mmetaja wa vitabuni. Mimi nataja wawili niliofanya nao kazi. Sitaongeza chumvi, maana mimi mwenyewe kwenye kisa hiki sionekani mtu mzuri.

Mwaka 2012 nilikuwa Johannesburg, draftsman, yaani mchora ramani za majengo, kwenye ofisi ndogo ya architect mtaa wa Marshalltown. Bosi alikuwa mama wa Kisauzi, tumwite Mama Lindiwe. Alikulia Morogoro, wazazi wake wakiwa uhamishoni enzi za ubaguzi wa makaburu, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho safi kuliko baadhi yetu.

Tukapata kazi ya kuchora maktaba ya watoto, mtaa wa Rosettenville. Mama Lindiwe alitaka ukuta wa mbele uwe wa matofali yenye matundu ili mwanga upenye. Kila mchoraji alete wazo, na litakaloshinda, mwenyewe anaandikwa jina kwenye michoro.

Kwa draftsman hilo si jambo dogo. Miaka minne nilikuwa nachora majengo ya watu, jina langu halipo hata kwenye kona ya karatasi.

Sasa, chini ya ofisi, jirani na robot (kule ndivyo wanavyoita taa za kuongozea magari), kulikuwa na dada wa Kirundi akiuza vikapu anavyosuka mwenyewe. Anaitwa Espérance. Kimoja nilikuwa nacho mezani, naweka kalamu. Mistari yake myeusi ilianzia kwenye kitako, ikapanda ikizunguka na kupanuka.

Nikakikopi, tofali kwa tofali. Sikumwambia mtu.

Siku ya kuonyesha kazi zetu, wenzangu walipouona mchoro wangu walisogeza yao pembeni. Nikajua nimeshinda.

Mama Lindiwe akauliza, "Huu umeutoa wapi?"

"Kichwani, mama."

Akatupia jicho kikapu cha mezani kwangu. Alichukua mchoro, akaniambia tushuke chini.

Akaufungua mbele ya Espérance. "Dada, unaona nini hapa?"

Espérance aliinama akauangalia. "Ni kazi yangu hii. Lakini aliyeichukua hakumaliza kuhesabu." Akaweka kidole kwenye kona ya jengo. "Hapa mistari haikutani. Ukifika hapa unarudi moja nyuma."

Alikuwa sahihi. Ile kona niliiona mapema, nikachora nguzo kuificha.

Mama Lindiwe akanitazama. Ikabidi niseme, "Dada, ni mimi niliyechukua."

Hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, si ungeniuliza."

Eish. Bora angetukana.

Kwenye ngazi Mama Lindiwe akaniambia, "Nilipoanza kazi, michoro yangu iliandikwa jina la mwanaume wa meza ya mbele. Nilikaa kimya. Leo sikai kimya."

Nilidhani kazi yangu imeisha. Haikuisha. Espérance aliajiriwa kwa wiki mbili, na mimi nikapewa kazi ya kukaa pembeni yake. Kompyuta hakuijua. Alisuka kona kwa uzi juu ya ubao, mimi nikaingiza kwenye mashine. Nikikosea ananiambia, "Fumua."

Siku ya tatu nikamwomba msamaha. Akasema amesikia, tuendelee na kazi. Mpaka leo sijui kama alinisamehe.

Ukuta ulijengwa. Kwenye michoro na kwenye kibao cha mlangoni limeandikwa jina la Espérance. Langu halipo. Siku ya ufunguzi alivaa kitenge kipya, akasimama mbele ya kile kibao akakisoma mara mbili, halafu akaenda kukaa na wanawe.

Nilichojifunza: kuvutiwa na kazi ya mtu siyo kosa. Kosa ni kumfuta aliyeifanya. Na wanawake wanafutwa kirahisi zaidi, hasa wakiwa wamekaa chini barabarani.

Tangu hapo sichori kitu bila kuandika pembeni nimekitoa kwa nani.

Wadau wa design, yupo mwanamke uliyechukua wazo lake ukanyamaza? Mtaje hapa chini, kwa jina lake.