Futari ya Mwanaidi

Usiku ule wa kuamkia Idi nililala na hasira. Mimi na mdogo wangu Mwanaidi tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, lakini redio ilipotangaza kuwa mwezi umeandama, yeye alisema watu wa msikiti wake hawajauona, atafunga tena. "Kufunga siku ya Idi ni haramu," nikamwambia. Akanijibu, "Na kula mchana wa Ramadhani je?" Tukafungiana milango. Mtu kazaliwa sikukuu, kapewa jina la sikukuu, halafu ananinunia sikukuu!

Basi nikamwota marehemu bibi, aliyetulea sote wawili. Alikuwa jikoni kwake, amejifunga kanga mpya yenye harufu ya dukani, anapalia makaa juu ya mfuniko wa pilau. Nilifurahi mno hata nikasahau kuwa amekufa. Nikainama kupuliza moto, na ninapoinua kichwa ni Krismasi, tuko kwa jirani yetu Mama Anna. Bibi anamenya viazi huku akimkemea mwenye nyumba kwa kukata vitunguu vinene. Nacheka. Mara ni Saba Saba, ametushika mikono mimi na Mwanaidi tusipotee kwenye maonyesho, na maputo yetu yanagombana juu ya kichwa chake. Halafu ni Maulidi, ananinyunyizia marashi. Ee, mwaka ulivyokuwa mtamu zamani! Nguo ya sikukuu hii haijakauka kambani, nyingine imeshabisha hodi.

Tunarudi jikoni. Pilau imeiva. Bibi anapakua sahani yangu, anapakua za majirani, kisha anasimama na upawa mkononi, ananitazama.

"Mwenzio bado amefunga," anasema. "Futari yake umeiweka wapi?"

Nataka kumweleza habari za mwezi, nani kauona na nani hakuuona. Yeye wala hataki kusikia habari za mwezi. Anafunika sufuria taratibu, nami naanza kulia maana najua anaondoka.

Niliamka takbira zikisikika msikitini, mto umelowa machozi. Sikunawa hata uso. Nilikwenda kugonga mlango wa pili.

"Nani?"

"Mimi dada yako. Jioni usipike. Futari yako iko kwangu."

Kisha nikasikia komeo likivutwa.

"Basi na wewe, dada, kesho usipike," akasema. "Kesho ni Idi kwangu."