Mama Samaki ni Mmoja

Kasilda alikuwa anakunja pindo la sare ya kwaya aliposikia mtu barabarani akiita, "Mama Samaki!" Akaitika "Abee!" kwa sauti nzima, akanyanyuka hadi mlangoni. Aliyeita hakugeuka hata shingo. Alikuwa anamwita Nyanzala wa saluni ya ng'ambo, na Nyanzala alikwisha kutoka na chanuo mkononi, anacheka.

Kasilda alirudi kwenye cherehani yake. Pindo alilokunja baada ya hapo lilienda upande, ikabidi alifumue.

Si jina tu, msomaji, usije ukamcheka. Hapa Makanyagio, kama kwingine kote Mpanda, mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Kasilda aliolewa kwao Ikola, kando ya ziwa, miaka tisa, mtoto hakupatikana, mume akaoa mwingine, naye akapanda gari kuja mjini na cherehani moja. Kwa miaka mingi mtaa mzima ulimwita dada fundi. Hata wasichana aliowapimia gauni za kipaimara waliolewa, wakazaa, wakawa Mama Fulani, naye akabaki dada. Kisha mdogo wake, Gaspar, akamletea kutoka ziwani samaki sita ndani ya dumu, weusi wenye mkanda wa njano tumboni, pamoja na mawe ya kule kwao. Fundi wa madirisha ya alumini akamtengenezea tangi la kioo, akaliweka pembeni mwa meza ya kukatia. Haikupita wiki mbili, watoto waliokuja na mama zao wakaanza kumwita Mama Samaki. Jina likashika. Miaka minne Kasilda aliitwa mama.

Sasa huyu Nyanzala, Msukuma aliyetoka Kibaoni, mwenye watoto wanne wa kuzaa na jina lake halali la Mama Queen, alikuwa na haja gani ya jina la pili? Alifungua saluni mwaka huu, akaweka tangi mara mbili ya lile la Kasilda, na ukutani akafunga mashine ya kuchuja maji, yenye mitungi mitatu myeupe na bomba lake jembamba. Maji yake yalikuwa maangavu mpaka samaki walionekana kama wanaelea hewani. Ya Kasilda yalikuwa na ukijani, na mawe yake yameota utelezi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, alijisemea Kasilda. Lakini mgala muue na haki yake mpe: tangi la Nyanzala lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wateja wake mwenyewe walikuwa wakishapimwa wanavuka barabara kwenda kutazama samaki.

Ubaya mwingine ni kwamba hakuweza kununa. Nyanzala alimfanya mtani, Msukuma kwa Mfipa, na utani hauna kesi. Mtani anaingia kwako anafunua sufuria, anakula, anaondoka na kanga yako begani, nawe unatakiwa ucheke.

"We Mfipa!" Nyanzala alimpigia kelele asubuhi hiyo hiyo akiwa kizingitini. "Hayo maji umechota bwawa la viboko? Samaki wako hata kuwaona mpaka niwashe tochi!"

"Nyie mlizoea kunywa na ng'ombe lambo moja," Kasilda alimjibu, "leo mnatufundisha maji?"

Wakacheka wote wawili. Cha Kasilda hakikuwa kicheko.

Juma hilo hilo samaki mmoja akagoma kula. Alijitenga nyuma ya jiwe kubwa, koo limemvimba, kinywa kinatafunatafuna bila kula kitu. Kasilda akamtupia chakula, wenzake wakagombania, yeye hata hakusogea. Siku ya tatu ikawa hivyo hivyo, na ya nne. Kasilda akampigia simu Gaspar, haikupatikana. Akajua ni maji. Na kama ni maji, basi Nyanzala alikuwa sahihi, na mtaa wote utasema samaki wa dada fundi wamekufa kwa uchafu.

Alikuwa na akiba ya kununua cherehani ya pili. Akaitazama siku mbili, akaifunga kwenye leso, akaifungua tena. Moyo ulimwambia cherehani ndiyo itakayomlisha. Kisha akasikia tena ng'ambo mtu akiita "Mama Samaki!", akamtafuta Selestine, yule fundi aliyemfungia Nyanzala mashine.

"Nataka kama ile," alimwambia. "Hapana. Nataka kubwa kuliko ile."

"Jumamosi saa nne nakuja kuifunga, mama," Selestine akasema. "Kwanza utamwaga maji yote ya tangi, usugue na mawe, uanze na maji safi."

Jumamosi Kasilda aliamka mapema, akapanga ndoo. Alipofungua mlango ili aanze kuchota maji ya tangi, akamwona Gaspar akishuka kwenye bodaboda na dumu. Furaha ilimpanda. Akainua mkono kumpungia. Gaspar hakumwona. Alivuka barabara, akaingia saluni kwa Nyanzala.

Kasilda hakumbuki alivukaje. Alijikuta tu ndani, tepu ya kupimia shingoni, kandambili mguu mmoja.

"Gaspar! Mtoto wa mama yangu! Simu yangu hupokei, huku unaleta dumu?"

Gaspar alitua dumu chini. "Dada, simu ilitumbukia ziwani. Nilikuwa nakuja kwako baada ya hapa."

"Baada ya hapa! Kwa hiyo ni wewe unayempa samaki?"

Akageukia tangi. Ndani ya tangi la Nyanzala, kwenye maji yale maangavu, samaki watatu walikuwa wanaelea ubavu. Wa nne alihema juu juu. Saluni ilikuwa bado haina mteja, na Nyanzala alirudishia mlango watu wasione.

"Hii ni mara ya tatu," alisema polepole. "Wanakaa mwezi, wanakufa. Namwambia alete wengine kabla watu hawajajua. Wewe wako ni wale wale miaka minne, Kasilda. Kila asubuhi nachungulia kama wamekufa. Nisamehe, nilikuwa naomba wafe."

Kasilda alitamani afurahi, na kwa kweli alifurahi kidogo.

"Nilimwambia," Gaspar akasema. "Ziwa letu maji yake ni mazito, yana ladha. Mashine hii inayatoa kila kitu, yanabaki matupu. Dada anatumia ya kisima, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Hayo ndiyo wanayoyataka. Na ule ukijani wa kwenye mawe ndicho chakula chao."

Kasilda akakumbuka ndoo zake. Akamshika mdogo wake mkono, akamburuta hadi dukani, akamwonyesha yule mgonjwa nyuma ya jiwe. Gaspar aliinama, akatazama kitambo, akaanza kucheka peke yake.

"Huyu haumwi, dada. Kinywa kimejaa watoto. Hali kwa sababu akila atawameza."

"Unasema?"

"Sisi Ikola samaki tunamjua akiwa kwenye sufuria, ndiyo maana hujui. Mimi mwenyewe nimejifunza kwa wanunuzi wa samaki wa kufuga. Huyu mama anawalea mdomoni mpaka waweze kuogelea."

Selestine alipofika na boksi lake saa nne, alimkuta Kasilda amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, kidole kwenye kioo. Alimrudisha na boksi lake bila hata kumtazama.

Watoto walitoka baada ya wiki mbili. Walikuwa tisa, wadogo kama punje za mtama, na kila kivuli kikipita walirudi mbio kinywani mwa mama yao. Mtaa ulijaa dukani. Siku ya nne, wateja walipotawanyika, Nyanzala akavuka barabara na chupa ya asali aliyoiosha. Mashine yake alikwisha kuing'oa, na tangi lake lilikuwa na maji ya kisima bila samaki, maana Gaspar alirudi ziwani na dumu lake.

"Mtani," alisema, akazamisha mkono kwenye tangi bila kuomba, kama mila inavyoruhusu. "Nachukua wawili."

Kasilda akaudaka ule mkono, ukiwa bado na maji.

"Chukua kanga. Chukua cherehani. Kachukue hata ugali jikoni. Watoto sitoi."

Hakuna aliyewahi kumnyima mtani. Nyanzala alimtazama Kasilda usoni, akauchomoa mkono wake. Akajifuta mkono kwenye gauni.

"Haya, Mama Samaki," alisema, akatoka na chupa yake.

Kasilda alimsindikiza kwa macho mpaka akaingia saluni. Kisha akainama kwenye kioo, akawahesabu watoto mara mbili. Mtani ni mtani.