Bango Nililoliona Toscana

Anayeniambia kwamba ajali haina kinga, siku hizi namtazama mpaka anyamaze. Nimeambiwa hivyo kanisani, nimeambiwa kwenye lifti ya jengo letu hapa Rexdale, Toronto, nimeambiwa kwa simu na ndugu walioko Tabora. Ajali ile ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa mwanaume mmoja wa Kikenya aliyeniambia, kwa adabu zote, nigeuze baiskeli. Sikugeuza.

Tulikuwa wanne. Mimi nina miaka sabini na moja. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, nimemzidi miaka sita. Wengine wawili ni wanaume wa makamo: huyo Mkenya, ambaye ni nesi, na Mtanzania mwenzetu anayefanya kazi kwenye ghala lile lile nililostaafia, karibu na uwanja wa ndege. Kila Jumamosi asubuhi tuliendesha baiskeli kando ya mto Humber. Kundi letu halikuwa na jina wala katiba, lakini lilikuwa na mwenyekiti. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa mkubwa kuliko wote, basi nikatangulia mbele, na wao wakakaa nyuma. Nikichoka, wote wanapunguza mwendo. Nikisimama kunywa maji, wote wanashuka. Mwanzoni lilikuwa jambo la mzaha, baadaye likawa sheria: mzee hapitwi.

Niliipenda sheria ile. Nimefanya kazi ghalani miaka mingi nikiamrishwa na watoto waliozaliwa mimi nikiwa nimeshaoa. Jumamosi nilikuwa na wanaume watatu nyuma yangu, na hakuna aliyenifundisha kitu.

Shemeji peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kunichokoza, maana mashemeji ni watani.

"Dada yangu aliolewa na trekta," alikuwa akisema tukipanda mlima. "Linaunguruma, lakini haliendi."

"Na wewe ni tela," nilimjibu. "Tela halilalamiki. Linavutwa."

Safari ya Italia ilitokana na karatasi. Ghalani nilifanya kazi na mzee mmoja wa Kiitaliano aliyetoka kwao akiwa kijana. Siku ya mwisho kabla hajastaafu alichana ubavu wa boksi, akanichorea kwa kalamu nene barabara za vilima vya kwao Toscana: mji huu juu, kanisa, kisima, mji mwingine juu. Nililitunza boksi lile miaka yote kama cheti cha kuzaliwa. Tulipoamua kwenda, nesi alipakia njia nzima kwenye simu yake na kuifunga kwenye usukani. Mimi nilikunja boksi langu nikalitia mfuko wa nyuma. Niliwaambia hili limechorwa na mwenye nchi.

Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri, na hilo nalo linanikasirisha, kwa sababu siwezi kuzikumbuka siku hizo bila kuikumbuka ya nne. Mizabibu ilipangwa mistari hadi ukingo wa barabara. Kila mlima uliishia kwenye mji wa mawe, na kila mji ulikuwa na bomba la maji uwanjani. Waitaliano wanakunywa kahawa wamesimama, kisha wanaondoka kama waliokopa muda. Siku ya pili mzee mwembamba, mkubwa kuliko mimi, alinipita mlimani huku akinisalimu bila hata kuhema.

"Huyo ni babu yako, shemeji," nikasikia nyuma yangu. "Mwamkie."

Tulicheka wote. Lakini nilipitwa, na nililihesabu.

Siku ya nne, karibu na saa sita mchana, tulifika penye njia panda. Lami ilikwenda kushoto, ikizunguka kilima taratibu. Kulia ilishuka barabara nyeupe ya changarawe, zile za mashambani huko. Boksi langu lilisema kulia. Mwanzoni mwa changarawe palikuwa na nguzo, na juu yake bango la pembetatu lenye alama ya mteremko mkali. Chini ya bango mtu alikuwa amefunga ubao kwa waya, umechorwa baiskeli kwa rangi na kukatwa msalaba mwekundu. Ubao ulikuwa umegeuzwa na upepo, ukielekea upande niliosimama mimi.

Sihitaji Kiitaliano kusoma msalaba mwekundu. Niliuona na nikauelewa.

Nesi alikuwa nyuma yangu kama hatua ishirini. Aliita, "Mzee, hii simu yasema tukate kushoto."

"Boksi linasema kulia."

"Labda barabara ilibadilika, mzee. Ni kitambo."

"Trekta limepotea," akasema shemeji. "Semeni ukweli jamani, limepotea."

Kama asingesema hivyo, labda ningegeuza. Hapana, nimeshajiambia hivyo mara nyingi na si kweli. Nisingegeuza. Nilitazama nyuma nikauliza, "Hapa anayeongoza ni nani?" Nikaachia breki, nikashuka.

Mvua ilikuwa imeikata barabara katikati, ufa wa kina cha goti. Mimi niliukwepa kwa sababu nashuka polepole, mikono yote kwenye breki. Shemeji alikuja kasi. Nilisikia kishindo cha chuma, halafu changarawe ikimwagika, halafu sauti yake ikiita mama yake, aliyekwisha kufa. Nyonga ilivunjika, na mfupa wa paja.

Hospitalini huko Italia nesi alinivuta kando kwenye korido. "Mzee," akasema, "tuseme tulipotea. Inatosha." Sijui hata kama yeye aliuona ule ubao. Alikuwa ananisitiri, na mimi nikakubali kusitiriwa. Nilimpigia mke wangu simu nikamwambia, "Tulipotea." Nikaongeza kwamba boksi la yule Mwitaliano lilikosea. Nilimsingizia mtu aliyenipa zawadi.

Basi turudi Toronto. Mwezi wa kumi na moja tangu ajali tulikutana nyumbani kwa shemeji, North York. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, fimbo imeegemea ukuta. Mke wangu alikuwa amepika maandazi. Mwenzetu wa ghalani, mtu mwenye moyo mzuri kupita kiasi, akasema Septemba turudi Toscana tukamalize njia. Shemeji atakaa kwenye gari nyuma yetu. "Na mzee atatangulia kama kawaida," akasema.

Kama kawaida. Hasira iliyonipanda pale sijapata kuiona. Walikuwa wanataka kunirudisha mbele. Ningeweza kuwaua wote watatu kwa heshima hiyo, na wangekufa wakiniamkia.

"Siongozi," nikasema. "Bango nililiona. Kulikuwa na ubao wenye msalaba mwekundu. Niliuona kabla hatujashuka."

"Mzee, usijilaumu," mtu wa ghalani akaanza. "Ajali haina..."

"Mwacheni aseme," shemeji akamkata. Hakupandisha sauti. "Miezi kumi na moja nasubiri aseme."

Akanigeukia. "Uliuona."

"Niliuona."

"Mimi sikuuona," akasema. "Nilikuwa natazama mgongo wako."

Nesi aliinamia kikombe chake. Mke wangu aliweka sinia mezani, akaenda kukaa kwenye mkono wa kiti cha mdogo wake, akamshika bega. Hakunitazama. Baadaye kwenye lifti, tukishuka, alisema neno moja tu: "Miezi kumi na moja umekula chakula changu."

Safari ya Septemba imekufa. Wale wawili bado wanaendesha Jumamosi, na nasikia sasa nesi ndiye anayetangulia, simu yake kwenye usukani. Vizuri. Ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo, na walipaswa kunipita, wanipite hata kwa nguvu. Lakini najua ni nani aliyewafundisha wasinipite.

Mimi kila Jumanne nakwenda North York kumchukua shemeji, nampeleka kwa basi kwenye bwawa wanakomfanyisha mazoezi ya mguu. Sikumwomba ruhusa. Siku ya kwanza nilibisha hodi, akachukua fimbo, tukatoka. Hanitanii tena. Ananiita mzee, kama wanavyoniita wengine, na kila akiniita hivyo ni heri angenipiga kwa ile fimbo.

Jumanne iliyopita vioo vya basi vilikuwa na ukungu. Nilidhani tumefika, nikasimama, nikashika begi lake, nikamwambia, "Twende, ni hapa."

"Siyo hapa," akasema. "Kaa. Bado vituo viwili."

Nikakaa.