Bi Esha na Barabara ya Kililana

Bi Esha wa Mkomani alikuwa bingwa wa kutembea, na asiyeamini na aende Lamu akajaribu kumfuata. Katika vichochoro vyetu, ambamo kuta mbili zinakaribia kubusiana, mtu hatembei kwa macho, hutembea kwa masikio. Ukifika kwenye kona unakohoa, au unatoa salamu, na aliye upande wa pili akiitika unajua ni nani na amebeba nini. Mwenye mzigo hupita. Asiye na mzigo hujibanza kwenye daka la mlango wa nyumba ya watu, akangoja, na wakipishana huulizana hali. Punda wanaijua adabu hii kuliko baadhi ya vijana wa siku hizi, na sitaji mtu. Bi Esha aliishi hivyo umri wake wote, mchana akishona kofia ukumbini, jioni akizunguka kwa majirani.

Lakini barabara, aa, barabara ni habari nyingine. Mumewe, Bwana Bakr, alikwenda Mombasa kununua nyuzi. Alikuwa anavuka barabara, mtu akamwita kutoka ng'ambo: "Assalaam aleikum, Bakr!" Naye akafanya kama alivyolelewa. Akasimama pale pale katikati, akageuka, akaweka mkono kifuani aitike. Mwenye gari alisema hakumwona, baadaye akasema alimwona ila alidhani ataendelea kutembea. Bakr hakurudi Lamu akiwa hai, na Bi Esha akaapa mguu wake hautakanyaga lami. Kisiwani kwetu magari ni ya kuhesabu, kwa hiyo kiapo chenyewe hakikumsumbua.

Kikaja kumsumbua alipoolewa binti yake wa pekee. Razan aliolewa na Ghassan, mkulima wa Kililana, ng'ambo ya maji, na nyumba yao iko upande wa pili wa barabara iendayo bandarini. Razan akajifungua mtoto wake wa kwanza. Na kwetu, mwanamke akizaa mimba ya kwanza mamake huwa kando yake. Nani mwingine atamkanda kwa maji moto, nani atamkorogea uji wa pilipili manga, nani atamwosha mtoto akiwa amemlaza juu ya miguu? Bi Esha alituma mafuta ya nazi, akatuma udi, akatuma na visingizio. Mara magoti, mara kofia za watu, mara bahari imechafuka, na bahari yenyewe imelala kama maziwa bakulini. Mwishowe Razan akamwambia kwenye simu, kwa sauti ndogo: "Mama, usiisumbue nafsi yako. Nishazoea."

Afadhali angemtukana. Bi Esha hakula siku ile. Asubuhi yake akafunga furushi, akapanda boti.

Boti ikamshusha ufukoni Kililana, akashika njia ya mashamba ya simsim kama mtu anayetembea usingizini. Ukungu ulikuwa haujainuka. Mimea ilionekana nusu, ndege walisikika bila kuonekana, na miguu yake ikawa inakwenda yenyewe, haimuulizi. Halafu ukungu ukafunguka kidogo, akaiona: nyeusi, imenyooka, imelowa umande. Ng'ambo yake aliliona bati la nyumba ya mwanawe. Ungerusha jiwe likafika. Bi Esha akakohoa, maskini, kama yuko kichochoroni. Hakuna aliyeitika.

Ndipo gari likaja. Jeupe, halina ngurumo, juu ya paa lina kidude kinazunguka zunguka, nyuma limejaa makasha. Na kwenye usukani, jamani, hapakuwa na mtu. Bi Esha akasoma Ayatul Kursi. Kisha, kwa kuwa adabu ni adabu, akajisogeza kando, mwenye mzigo apite.

Gari likasimama. Bi Esha akarudi nyuma, gari likajivuta kidogo. Akanyoosha shingo alitazame vizuri, likasimama tena. Akalipungia mkono, pita bwana wee, pita! Lilipouona mkono likaganda kabisa. Wakawa hivyo, kila mmoja anampisha mwenzake, na ukungu unapita kati yao polepole. Bi Esha alijiona kama anaota, na katika ndoto ile hakuwa anaogopa kama alivyodhani ataogopa. Alishangaa mwenyewe.

Mlango wa nyuma ukafunguka, kijana akatoa kichwa, kompyuta mapajani. Alikuwa Bramwel, mtu wa bara, aliyeajiriwa na kampuni inayojaribu magari ya kubeba mizigo ya bandari bila dereva.

"Mama, ni nini? Si uvuke!"

"Nalipisha lipite," akasema Bi Esha. "Lina mzigo."

"Haiwezi kupita na wewe uko hapo. Imekuona."

"Imeniona kwa mato gani?"

"Iko na macho pande zote. Shida ni haijui unataka nini."

"Basi iambie hata mimi siyui!"

Bramwel akacheka mpaka akashika paji la uso. "Hapa ndipo panatusumbua kila siku," akasema. "Kuna mwanamke husimama upande ule asubuhi, amekumbatia mtoto mchanga. Gari inapunguza mwendo, inamngoja avuke. Havuki. Anaangalia tu huku, upande wa bahari, halafu anarudi. Hakuna anayejua anataka nini. Siku hizi gari ikifika hapa inapunguza hata kama hayuko."

"Na yeo?"

"Leo hajakuja."

Bi Esha akaliangalia lile bati la ng'ambo. Kidude cha chuma, kisichozaa wala kuzaliwa, kilikuwa kinamngoja mwanawe kila asubuhi, naye mama mzazi yuko Lamu anatafuta visingizio! Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto. Akalikumbatia furushi, akasema Bismillahi, akakanyaga lami.

Na katikati akasimama. Ndiyo, katikati! Sema utakalo. Aligeuka akalitazama lile gari, akaweka mkono kifuani, akalitolea salamu. Gari likatulia. Hapo Bi Esha akalia, kwa sauti, bila kuona haya, akimlilia Bakr, kwamba hakupata hata wa kumngoja amalize kuitika. Bramwel hakumharakisha, na kwa hilo Mungu amjalie. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya mtandio, akaendelea na safari.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Razan amekaa mkekani, nywele hazijachanwa, mtoto analia, na yeye anamtikisa kwa mikono iliyochoka. Akainua macho, akamwona mamake.

"Mbona yeo hukuya ndiani?" akauliza Bi Esha, akionyesha barabara kwa kidevu.

Razan akamweka mtoto begani. Hakuuliza mamake amejuaje.

"Nilichoka, mama."

"Nipe mwana," akasema Bi Esha, akitua furushi. "Nawe lala."