Nilivyokataa Kusimama

Nilianguka kutoka kwa lori la mahindi huko Kaptagat, nikaumia kifundo cha mguu. Kilikandwa kwa maji moto, kikafungwa kitambaa, nami nikarudi sokoni kuuza viazi nikichechemea. Maumivu yalipozidi, daktari wa Eldoret alinionyesha picha. Gegedu, ile tishu laini inayokinga mfupa kwenye kiungo, lilikuwa limelika, na mfupa chini yake ulikuwa na shimo. Alisema atachota mfupa kutoka nyonga yangu ajaze pale.

"Ukikanyagia mguu huu kabla mfupa haujashikana, utavunjika huko ndani," akanionya. "Utachechemea hadi kaburini."

Na sokoni ningesimama kwa mguu gani? Nikaapa haugusi chini hadi yeye mwenyewe aniruhusu.

Baada ya upasuaji nyonga iliniuma kuliko mguu, wacha tu. Nilikaa kwa mama yangu, huko Kimumu, plasta juu ya stuli, redio ikisifu chama tawala tangu asubuhi. Halafu akina mama wa kanisa wakaja kuniombea, jinsi tunavyofanyiana. Walileta sukari na maziwa, wakaimba hadi nikalia, kwa maana niliwapenda na maombi niliyataka. Ghafla kiongozi wao akanyakua mikongojo yangu, akaitupa nje.

"Simama, binti! Simama kwa imani!"

Wote wakapiga makofi. Mama akanisihi kwa macho. Woi! Hata mimi nilitamani kusimama.

"Sisimami," nikasema. "Nirudishieni mikongojo yangu."

"Ni shetani anakuzuia!"

"Ni daktari. Na akili yangu."

Walimaliza chai haraka wakaenda. Mama akaniambia nimemwaibisha mbele ya watu. Nikamjibu aibu huisha, kilema hakiishi.

Plasta ilipokatwa, daktari akaangalia picha mpya akatabasamu. Mfupa ulikuwa umeshikana. "Sasa kanyaga, pole pole." Nilikanyaga nikiuma meno, na nikaendelea kila siku, nikilia na kutukana, hadi nikaacha kushikilia kitu.

Jumapili moja nikaingia kanisani kwa miguu yangu. Yule kiongozi akaruka juu: "Mnaona? Si tuliomba!" Akaniita nitoe ushuhuda. Nikatembea hadi mbele, mama akiniangalia.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Mliomba, na Mungu akasikia. Lakini aliniponya nikiwa nimekaa."

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema amina, tena kwa sauti.