Felista Aliyeivalisha Mashine Sura ya Windows

Felista nilimwoa mimi mwenyewe, kwa ng'ombe walioachwa na marehemu mume wangu. Mkurya akisoma hapa hatashangaa. Asiye Mkurya aelewe hivi: mjane asiye na mtoto wa kiume anaruhusiwa kuoa binti, na watoto atakaowazaa yule binti na mwanamume wa kuchaguliwa huhesabiwa ni wa nyumba ya mjane. Wanashika jina na wanashika ardhi. Tunaiita nyumba ntobhu.

Mume wangu Nyangwine alifukiwa na kifusi akafa ndani ya duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, akaniacha na mabinti wawili walioolewa mbali. Matanga hayajaisha, shemeji yangu Machage akaanza kulipima shamba letu kwa hatua za miguu yake. Nilikuwa nawapikia waombolezaji huku namwona kwa dirisha akihesabu hatua. Ndipo nikaamua kuoa, ili shamba lipate mtu.

Felista alitoka Susuni. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa akichapa barua za watu kwenye duka moja la Nyamisangura, pale Tarime mjini. Baba yake alipokea ng'ombe bila kumuuliza. Siku aliyofika kwangu alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua kulima?"

"Najua kulima, na najua kompyuta."

Nikacheka kicheko kibaya. "Kompyuta haipalilii mihogo."

"Lakini nayo haichoki, mama."

Nilimkasirikia kwa jibu lile, na baadaye nilimpenda kwa sababu ya jibu lilelile.

Kijiji chetu hakiko mbali na Matongo. Jina lake sitalitaja. Mimi nilikuwa nafagia ofisi ya kijiji na kutunza ufunguo wake. Ndani kulikuwa na kompyuta moja nzee, iliyoachwa na watu wa mradi fulani. Mtendaji wetu, Werema, alikuwa akiiwasha asubuhi, anakwenda kunywa chai na chapati kwa mama ntilie, anarudi, anaikuta bado inajikusanya. Siku moja haikuwaka kabisa. Nikamwambia nyumbani kwangu yuko mtu anayejua.

Felista aliifungua, akaipuliza vumbi, akaitazama kwa muda mrefu. Akasema mashine ni nzima ila Windows iliyomo imechoka, na Windows mpya haiwezi kuibeba. "Kumbukumbu yake ni ndogo, mzee. Ni kumtwika mbuzi gunia la punda. Ninayo nyingine nyepesi, inaitwa Linux. Itaenda mbio, na virusi vya kwenye flashi haviisumbui."

Werema alikunja uso. "Mimi nimesomea Windows Musoma wiki mbili. Nina cheti. Usiniletee mambo ya majaribio kwenye mashine ya serikali."

"Sawa, mzee."

Alisema sawa, akaniangalia mimi. Tulipotoka nje aliniambia, "Nitaiweka Linux, halafu nitaivalisha sura ya Windows. Akikaa nayo mwezi mmoja akaizoea, nitamwambia. Wewe usiseme kitu, mama."

Nilikubali. Siku tatu nilikaa naye pale ofisini. Linux ilipoingia, mstari wa vitufe ulikuwa juu ya kioo. Akaushusha chini. Kitufe cha kuanzia akakisukuma kwenye kona ya kushoto, saa akaipeleka kona ya kulia, kwa sababu huko ndiko macho ya Werema yalikozoea kwenda. Akaweka picha ya kilima cha majani na anga la buluu. Akaondoa vivuli na madoido yote yanayokula nguvu. Mafaili yalikuwa yanafunguka kwa kubofya mara moja, na mkono wa Werema ulikuwa wa kubofya mara mbili, hivyo kila faili lingefunguka mara mbili. Akalibadilisha hilo pia. Kasha la barua akaliandika Nyaraka Zangu, na la takataka akalichorea pipa. Mwisho akaiamuru iwe inahifadhi barua kwa namna ambayo kompyuta za wilayani zitaifungua, maana barua isiyofunguka wilayani ni sawa na barua ambayo haikuandikwa.

Kila alipomaliza jambo aliniita. "Njoo ukae hapa, mama. Nitafutie barua."

"Mimi sijui hata herufi moja."

"Ndiyo maana nakuita. Ukiipata wewe, mtendaji naye ataipata."

"Unanilinganisha na mtendaji?"

"Wewe uko mbele yake, mama. Wewe hujifanyi unajua."

Niliposhindwa kuona kitu, hakusema mimi ni mjinga. Alisema amekiweka mahali pabaya, akakihamisha.

Werema alipokuja kuijaribu, iliwaka upesi mpaka akashtuka. Lakini akaikunjia uso tena. "Mbona haijaimba? Ile ya kwanza ilikuwa inaimba ikiamka."

Felista hakuwa na wimbo wa Windows. Alikwenda kwa mzee mmoja jirani anayepiga ritungu, ala yetu ya nyuzi, akarekodi kwa simu kipande kifupi, akakiingiza. Kuanzia hapo kompyuta ya kijiji ikawa inaamka kwa nyuzi za ritungu. Werema alifurahi kama aliyeoa. Aliwaita watu waje wasikie. "Hii ni Windows ya Wakurya, mura!"

Mwezi ule ukapita, na mingine. Kila nikimwuliza Felista kama amemwambia, ananijibu, "Bado, mama. Juzi amenisifia mbele ya diwani kwamba nimeifufua Windows yake. Nitamwambiaje sasa?" Ikawa miaka miwili. Jioni baada ya kazi alinikalisha mbele ya mashine ile na kunifundisha herufi, moja baada ya moja, akizikuza mpaka ziwe kubwa kama kiganja. Herufi hizi ninazoandikia leo nilizipata pale.

Kisha zikaja habari kwamba mgodi utapanuliwa kuelekea kwetu na wathamini watakuja kuorodhesha mashamba kwa ajili ya fidia. Watu wakaanza kutegesha. Kutegesha ni kusimamisha nyumba ambayo hakuna atakayelala ndani yake, au kupanda miti kwa msongamano kama mboga, ili mthamini akija akute mali. Felista akanishika mkono. "Mama, hao wenye nguvu watategesha mpaka kwenye mashamba ya wajane. Tupige picha kabla."

Alichukua kamera ya ofisi, tukazunguka mashamba ya wajane wote wa kitongoji. Kila picha ilikuwa na tarehe. Kwetu alipiga mihogo, migomba, mpaka wa minyaa, na makaburi matatu: la Nyangwine, la baba yake, na la mtoto wangu wa kiume aliyeishi siku nne. Akaziweka zote kwenye kompyuta ya kijiji, na nakala akaiweka sehemu ya pili ya diski hiyohiyo. Kadi ya kamera ikafutwa, ikarudi kutumika kwa mikutano.

Wiki mbili baadaye Machage akasimamisha nyumba tatu za bati katikati ya mihogo yangu. Nilipomfuata akanijibu mbele ya mafundi wake, "Shemeji, wewe ni mgeni uliyekuja na ndoa. Ndoa ilikufa na mwenyewe."

Nilikwenda nikilia mpaka ofisini. Felista alimfungulia Werema zile picha. Akaziangalia moja moja, akapiga paja. "Binti, hizi ni dawa. Machage akizisikia ataharisha."

Basi nikatulia. Nilijua shamba langu liko mle ndani.

Wathamini walipobakiza siku tisa, bibi yake Felista alifariki huko Susuni. Felista alikuwa na mimba ya miezi mitano, akaenda kuzika. Siku ya pili yake Werema alipokea flashi kutoka wilayani yenye programu ya kujazia majina ya wanakijiji. Akaibofya, haikufunguka. Akabofya mpaka akatoka jasho. Ilikuwa programu ya Windows, na pale Windows haikuwepo. Akasema ni virusi, akampigia Simioni, fundi kutoka Sirari.

Simioni alikuja na pikipiki, miwani ya jua machoni mpaka ndani ya ofisi. Aliiwasha mashine. Ritungu likalia. Akarudi nyuma.

"Mzee, Windows gani hii inapiga ritungu?"

"Ni ya hapa hapa," Werema akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Simioni akabofya huku na huku, akaanza kucheka. "Hii si Windows, mzee. Umechezewa. Hii kitu imevalishwa tu. Miaka yote umekuwa ukitumia feki!"

Watu wawili waliokuwa wakisubiri mihuri wakacheka. Nilimwona Werema akigeuka rangi. Ningesema pale. Ningesema: ndiyo, si Windows, na ndani yake yamo mashamba yetu, ngoja Felista arudi. Lakini nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na siri ile nilikuwa nimeilea miaka miwili mpaka ikawa nzito kuliko mimi. Nilichoweza kusema ni kimoja.

"Baba, asiguse kwanza. Nimpigie Felista."

"Mama, kaa pembeni," Simioni akasema. "Haya si mambo ya ugali."

"Ndani mna picha."

"Picha zitakuwepo. Mimi naweka Windows safi, kila kitu kitarudi."

Nilitoka nje nikapiga simu. Haikupatikana. Nikapiga tena na tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba ilikuwa imezimika chaji msibani. Niliporudi ndani mashine ilikuwa imekwisha futwa, sehemu ya kwanza na ya pili pamoja. Simioni alikuwa anaingiza Windows ya zamani ileile iliyochoka. Nilimwuliza zile picha ziko wapi. Akanijibu, "Picha gani?"

Felista aliporudi alikaa mbele ya mashine kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Aliijaribu kwa kila njia aliyoijua. Kisha akaweka mikono yake juu ya tumbo, akasema, "Mama, nakala niliiweka chumba cha pili. Sikufikiri mtu angebomoa nyumba nzima."

Wathamini walikaa chini ya turubai, mbele ya ofisi. Machage alikuja na mashahidi wanne. Wakasema nyumba zile zipo tangu marehemu yu hai. Ilipofika zamu yetu Felista alisimama, akaeleza kwamba kulikuwa na picha zenye tarehe na kwamba mtendaji aliziona kwa macho yake.

Mthamini akamgeukia Werema. "Ni kweli, mtendaji?"

Hapo ndipo maisha yetu yalipokuwa yamening'inia, kwenye ulimi wa mtu mmoja. Angesema ndiyo, angetakiwa kueleza nani ameruhusu mashine ya serikali ifutwe, na kwa nini miaka miwili hakujua anatumia nini. Werema alitazama makaratasi yake.

"Ofisi haina kumbukumbu hiyo," akasema.

"Mzee!" Felista akaita. "Ulipiga paja! Ulisema ni dawa!"

"Binti, usinitungie maneno. Mtu aliyeweza kuidanganya ofisi miaka miwili, nani atamwamini kwa picha?"

Watu wakaguna. Machage akacheka kwa sauti. Shamba likaandikwa kwa jina lake, na wajane wengine watatu wakapoteza yao siku ileile. Wawili kati yao hawanisalimii mpaka leo, wanasema nilijua na nilinyamaza.

Haikupita wiki, Machage alikuja kwangu na wazee wawili wa ukoo. Alisema nyumba yangu haina ardhi tena, hivyo mke niliyemwoa atahamia kwake pamoja na mimba, kwa kuwa ng'ombe waliomleta walikuwa wa ukoo. Nilimpa kiti, nikampa maji ya kunywa, nikamwambia nitamwandaa mwari kwa siku tatu.

Siku iliyofuata, asubuhi, nilimfungia Felista nguo zake kwenye kanga na kumtafutia bodaboda wa kumfikisha Sirari. Ng'ambo ya mpaka ana shangazi. Kwa desturi yetu mtoto yule alikuwa wangu, ndiye niliyemsubiri tangu Nyangwine alipofukiwa. Lakini ningemwita aje kushika nini?

Felista hakutaka kupanda. "Mama, ningemwambia ukweli siku ile ya kwanza."

"Angeikataa mashine yako."

"Angeikataa, ndiyo. Tungekuwa tumeziweka picha mahali pengine."

Nikamwambia apande, pikipiki inasubiri. Akanipigia goti pale barabarani na tumbo lake lile, mpaka dereva akageuza uso.

Machage aliporudi na wazee wake aliniuliza, "Mke wetu yuko wapi?"

"Nimemwachia. Na ng'ombe nimewasamehe."

"Mwanamke hana mamlaka ya kusamehe ng'ombe!"

"Basi nenda kawaandikishe kwa wathamini."

Alinipiga kofi. Wazee wakamshika. Sasa napanga chumba Nyamisangura na nafulia watu nguo. Felista hunipigia simu kwa namba ya jirani. Nasikia anatengeneza kompyuta za watu huko, na kwamba siku hizi yeye humweleza mteja kwanza kilichomo ndani ya mashine ndipo aipambe. Alitaka kuniambia amejifungua mtoto gani. Nilimkatalia. Machage bado hutuma watu kuja kuniuliza kama ni wa kiume, ili amdai, na mimi siri nyingine siwezi kuitunza. Wakija nawaambia sijui, na ni kweli sijui.